Kamba ya Kuvutia Iko Chini ya Mama

Tangu turudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: "Mama Riziki, ni kweli mlichukua siku mbili kutoka Kinango hadi Bodo?" Ni kweli. Safari ambayo mtu akiondoka baada ya chai anafika kabla chakula cha mchana hakijaiva, sisi tulilala njiani. Nimechoka kuisimulia vipande vipande huku nikishona nguo za watu, na juzi nilimshonea mteja mkono wa kulia upande wa kushoto kwa sababu ya kucheka. Basi nimeiandika yote. Someni, mpasiane, mniache nishone.

Kinango: kupakia

Wasiomjua mama yangu, Bi Mwanakombo, wajue kwanza kwamba ana mdogo wake mmoja tu aliyebaki duniani, mama mdogo Tima, aliyeolewa Bodo, kule nyuma ya Msambweni penye mikoko. Mume wa mama mdogo alifariki Mama akiwa wodini na nyonga iliyovunjika. Hakuzika, wala hakwenda kumhani mdogo wake. Alilia kwenye simu mpaka muuguzi akamnyang'anya.

Kwetu mjane akimaliza eda huogeshwa, huvishwa nguo mpya, hufukizwa udi, ndipo avuke kizingiti. Mama ndiye aliyemvisha Tima siku ya harusi yake, na akaapa kwamba yeye ndiye atakayemtoa eda. Siku ya eda kuisha haisogezwi kwa sababu ya mgeni aliyechelewa. Tusipofika, wifi zake wangemwogesha, na Mama angekosa mara ya pili. Hilo tu ndilo tulilokuwa tukilikimbilia, mengine yote mtakayoyasoma yalikuwa ya kutuchelewesha.

Tatizo lilikuwa nyonga. Mama hakuweza kukaa kitako kwa muda mrefu, alitaka kulala chali. Muuguzi alimwambia atembee kila siku, naye alikuwa akitoka kitandani hadi chooni na kurudi, akimaliza anasema ametembea. Alikuwa na hofu ya kuanguka tena, na hofu ya mtu mzima haishindwi kwa maneno.

Hapo ndipo mume wangu, Baba Riziki, alipopata siku yake. Alikuwa dereva wa watalii, na alipostaafu alinunua gari kuukuu jeupe, akang'oa viti vya nyuma, akatia kitanda, jiko dogo, pipa la maji na pazia nililomshonea mwenyewe. Anaita nyumba ya magurudumu. Lakini fahari yake si kitanda, ni vifaa vya dharura. Ana jeki mbili, pampu ya upepo, nyaya za kuwashia gari kwa betri ya mwenzako, pembetatu nyekundu za kuweka barabarani, sanduku la huduma ya kwanza, sepetu fupi, vibao vya plastiki vyenye meno vya kuweka chini ya gurudumu lililokwama, na kamba ya kuvutia gari, nene kama mkono wa mtoto. Ukimpa nafasi atakueleza kwa nini kamba hiyo inanyumbuka kidogo na ya katani hainyumbuki. Msimpe nafasi.

Vyote hivyo, isipokuwa mtungi wa kuzimia moto uliofungwa kando ya mlango, alivipanga ndani ya sanduku refu la mbao. Kifuniko cha sanduku hilo ndicho kitanda. Na juu ya kitanda tulimlaza Mama.

Mimi niliona. Nilimwambia, "Baba Riziki, ukitaka jeki itakuwaje?" Akanijibu kwamba gari limekaguliwa na hatutataka jeki. Mkimjua mtu mwenye jeki mbili anayesema hataitaka hata moja, ndiye huyo.

Kinango hadi Kwale: msiba usiokuwepo

Pancha ilitupata kabla hatujafika Kwale, kwenye kipande kile cha vichaka na mbuzi. Ulisikika mlio mmoja, gari likainama. Baba Riziki alishuka akijipangusa mikono kwa furaha, akafungua mlango wa nyuma, akasimama hapo hapo.

Mama alikuwa amelala. Kwa majuma mengi nyonga haikuwa ikimpa usingizi, na sasa alikuwa akikoroma taratibu, leso nyeupe imemfunika hadi usoni. Nikasema haamshwi. Baba Riziki naye hakuwa na la kufanya. Mkwe na mama mkwe kwetu wanaheshimiana kwa mbali. Mkwe hamshiki, hamwinui, wala hapeleki mkono chini ya kitanda alicholalia. Hilo hakulifikiria alipokuwa akipigilia misumari.

Basi akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, mkono shavuni. Mimi nilikaa mlangoni nikimpepea Mama. Likaja lori la mchanga likasimama. Dereva wake, mtu mzima mwenye kofia, alishuka, akachungulia ndani, akavua kofia.

"Assalamu aleikum. Poleni sana."

"Wa aleikum salaam. Tumeshapoa," akajibu Baba Riziki.

"Ilikuwa ghafla?"

"Ghafla tu. Tulisikia mlio mmoja, basi."

Yule dereva akatikisa kichwa. "Ndivyo yanavyokuja. Hakuna anayejua saa yake. Mnazika wapi?"

Baba Riziki alimtazama, akalitazama gurudumu, akanitazama mimi. Kabla hajajibu, sauti ikatoka chini ya leso nyeupe.

"Nani amefariki?"

Dereva wa lori alirudi nyuma mpaka akaingia kwenye miiba. Mama aliinua kichwa, akamsalimia kwa adabu, akamuuliza hali ya nyumbani kwake. Maskini yule mtu aliitikia akiwa bado kichakani. Aliona haya hivi kwamba alileta jeki yake mwenyewe, akabadilisha gurudumu peke yake, asikubali Baba Riziki ashike hata spana. Alipoondoka Mama aliniuliza kwa nini watu wa siku hizi wana wasiwasi hivyo. Nilishindwa kumjibu kwa kicheko.

Ukunda: biashara tusiyoifungua

Tuliteremka Kombani, tukaingia Ukunda kuziba pancha. Kwa mtu wa pancha tulikuta foleni, na tulipokuwa tunangoja, Baba Riziki alifungua pazia la ubavuni Mama apate hewa. Vijana wawili wa bara wakaja wakasimama dirishani.

"Mathe, niaje? Mnauza chipo ama smokie? Hii food truck iko fiti sana."

"Wanasemaje hawa?" Mama akaniuliza.

"Wanauliza tunauza chakula gani."

"Mwana hajali shikamoo, anauliza chakula," Mama akasema, lakini hapo hapo akaniamrisha niwape mihogo ya nazi niliyopika kwa ajili yetu. Wakala kwa kusimama, wakasema ni noma, yaani tamu mno, wakaita wenzao. Yule wa mwisho alisema shikamoo vizuri kabisa, kwa kuwa wenzake walishamwonya. Sisi tulibaki na sufuria tupu, na pancha ikawa haijazibwa mpaka alasiri. Mama alikuwa ameshaanza kukunja uso kwa maumivu. Tukaamua tulale Kinondo kwa wifi yangu Mwanahamisi, tuondoke mapema. Siku ya kutoa eda ilikuwa kesho, na bado tulikuwa na kesho nzima.

Kinondo: zawadi

Mama alilala ndani ya nyumba usiku ule, kitanda cha gari kikawa wazi. Nilimwambia mume wangu, "Sasa toa vile vyuma, viweke mahali vinapofikika." Akasema vimepangwa kitaalamu, na kwamba angalau kamba na sepetu atazitoa asubuhi. Sikubishana naye, maana nilikuwa mgeni kwa watu, na wifi alikuwa ameshapakua wali na samaki wa kupaka.

Alitoka kunyoosha miguu kandokando ya kaya, ule msitu mtakatifu wa wazee, akaona kijiti kikavu kilichonyooka, akawaza kwamba kingemfaa Mama kama mkongojo. Wifi alimwona kutoka uani.

"Kaka, kiache hapo hapo. Hata kijiti kikavu hakitoki kaya. Umekuwa mtalii?"

"Nilikuwa nakitazama tu."

"Kitazame kwa macho, si kwa mkono."

Mama alisikia, akasema hata hivyo yeye hataki mkongojo, mkongojo ni wa wazee. Mama yangu ana vitukuu wanne.

Asubuhi ndipo nilipojua kosa letu. Mtu wa pwani haachi mgeni aende mikono mitupu, hasa mgeni anayekwenda nyumba ya kutoa eda. Wifi na majirani zake walikuwa wameamka kabla yetu, wakapakia. Niliona madafu, mkungu wa ndizi, mikeka miwili mipya, gunia la nazi, mihogo, na jogoo aliyefungwa miguu karibu na mto wa Mama. Kila pengo lilijaa. Juu ya godoro waliacha nafasi ya mtu mmoja mwembamba, na Mama si mwembamba.

"Kamba," nikamnong'oneza Baba Riziki.

"Sasa nitaanza kuteremsha zawadi za watu mbele yao?"

Haiwezekani, na mimi nilijua. Zawadi ikishapakiwa haishushwi mpaka iendako. Tukamlaza Mama, jogoo akamtazama, tukaaga.

Gazi: kliniki

Gazi tulisimama tununue mahamri na mbaazi, kwa sababu Mama hawezi kumeza dawa na tumbo tupu. Nilikuwa nimening'iniza kitambaa cheupe dirishani kikauke. Gari jeupe, kitambaa cheupe, bibi amelala kitandani, mimi na glasi ya maji na vidonge. Nilipogeuka kulikuwa na kina mama watatu wameketi kwenye mchanga na watoto wao, wakingoja zamu.

"Dada, leo mnapima na macho pia?" mmoja akaniuliza.

Nilieleza kwamba sisi ni wasafiri. Akasema sawa, lakini mtoto ana kikohozi. Nilirudia maelezo yangu, na wa pili akasema yeye hana haraka, atangoja daktari amalize kumtibu yule bibi. Hapo Mama akajiinua kwa kiwiko. Mwanamke aliyelea watoto tisa hashindwi na kikohozi. Aliuliza mtoto anakohoa lini, akashauri asali na ndimu, akamwambia wa pili, ambaye wake alikuwa na macho mekundu, ampeleke hospitalini leo hii maana macho si ya kuchezea, na wa tatu, aliyekuja na mgongo wake mwenyewe, akamwambia apumzike amwache mume achote maji. Huyo wa tatu aliondoka na furaha kuliko wote, na alituletea samaki wa kukaanga. Akaongezwa juu ya zawadi.

Nilicheka, lakini nilitazama jua pia. Mvua ya usiku ilikuwa imerudi na manyunyu, na hatukuwa tena na kesho.

Msambweni: simu

Karibu na Msambweni simu ilipigwa na Rehema, binti wa mama mdogo.

"Shikamoo dada. Mmefika wapi?"

"Marahaba. Tumefika Msambweni. Kunaendaje huko?"

"Maji yako jikoni. Wazee wamesema wakishaswali alasiri wanamwogesha. Mama amekaa tu anatazama mlango. Nimwambie nini?"

Nilimpa Mama simu. Alisema, "Mwambie naja," akanirudishia, akageukia ukuta. Tulipoiacha lami alikuwa bado amegeukia huko. Nilimjua, alikuwa anakumbuka wodi. Mimi pia moyo uliniuma, nikamwambia Baba Riziki akanyage mafuta. Ndivyo tulivyokwama.

Bodo: chini ya Mama

Kijiji kilikuwa kinaonekana. Niliona minazi, mabati ya msikiti, hata moshi wa jiko nikajiambia ndilo jiko letu. Mbele yetu palikuwa na bonde dogo la tope jeusi lililolainishwa na mvua. Baba Riziki aliliingia kwa kasi, gari likaenda nusu, likazama upande mmoja. Alikanyaga, magurudumu yakazunguka bure na kuturushia tope hadi kwenye kioo. Jogoo akawika.

Tukashuka, tukatazamana.

"Kamba iko wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Chini ya Mama."

"Sepetu?"

"Chini ya Mama."

"Vile vibao vyako vya meno?"

Alitazama mbinguni, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimwonea huruma kwa ajili ya vifaa vyake.

Nilimpigia Rehema. Haukupita muda, wakaja wanaume kutoka kijijini, na kwa kuwa walikuwa wameambiwa mgeni ni mgonjwa, walikuja na kitanda cha kamba begani wambebe. Walisalimia, wakatupa pole, ya kweli safari hii, wakakiweka kitanda karibu na mlango. Lilikuwa wazo jema kabisa. Mama alikitazama kile kitanda kwa muda.

"Ahsanteni wanangu. Kirudisheni."

"Bibi, si mbali, tutakubeba polepole."

"Najua mtanibeba. Lakini mtu akiingia nyumba ya eda juu ya kitanda, amebebwa na wanaume, watu wataanza kulia upya. Ndugu yangu amelia vya kutosha. Leo ni siku ya kutoka." Akanigeukia. "Vyuma vyote vile mumeo anavyovisifu kila siku, viko wapi vikautoa huu mkweche kwenye tope?"

"Viko hapo ulipolala, Mama."

"Chini yangu?"

"Chini yako."

"Tangu Kinango?"

"Tangu Kinango."

Baba Riziki alikuwa ameshageukia mikoko. Mama akauliza kwa upole kabisa, "Na mbona hakuna aliyeniambia niinuke?"

Kwa siku mbili mimi nilikuwa nikimwonea huruma na mume wangu akimwonea haya, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza. Mama akamsukuma jogoo kando, akaning'iniza miguu, akashika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. Nilimwendea, akanipiga kofi dogo mkononi niondoke. Akateremka. Akasimama kwenye nyasi akitetemeka, uso umemkunjamana, na alikuwa amesimama.

Wanaume walishusha zawadi, tukafunua sanduku. Cha kwanza juu kabisa kilikuwa sepetu. Baba Riziki alilinyakua aanze kuchimba, na Mama akanyoosha mkono.

"Lete hilo, mkwe."

Akampa. Mama akashika kishikio, akalijaribu ardhini mara mbili, akaona linamtosha urefu. Kisha akaanza kutembea.

Sitadanganya kwamba alitembea vizuri. Alitembea kama mtu anayepita juu ya mayai, akisimama kila baada ya hatua kadhaa, akitaja jina la Mungu. Mimi nilikuwa nyuma yake, mikono nje kama anayefukuza kuku, nikilia waziwazi. Wanaume wawili walitufuata na kitanda kitupu endapo angechoka, mpaka alipowaambia bila kugeuka kwamba wakienda nacho kwa njia nyingine watamfurahisha. Wakaenda kwa njia nyingine. Adhana ya alasiri ilitukuta penye nyumba za mwanzo, tukaendelea.

Ua wa mama mdogo una mawe ya matumbawe, na sepetu likawa linagonga kila jiwe. Kutoka ndani, nyuma ya mlango uliofungwa nusu, nikasikia sauti ya mama mdogo.

"Nani huyo anayenichimbia ua?"

"Mimi," Mama akasema. "Nimechelewa?"

Mama mdogo hakuweza kutoka, bado hajaogeshwa, na Mama hakuweza kwenda haraka. Kila mmoja alingoja upande wake wa kizingiti, hatua chache tu kati yao.

"Hujachelewa," mama mdogo akasema mwishowe. "Maji yenyewe ni ya moto mno."

Mengine ya ndani ya chumba kile ni ya wanawake, na nyinyi mnaosoma wengi wenu ni wanawake, mnayajua. Nitasema tu kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikichota maji, kwamba Mama alifanya yote akiwa amekaa kigodani, sepetu limeegeshwa ukutani karibu naye, na kwamba walilia kisha wakachekana kwa mvi. Leso aliyomvisha aliichagua mwenyewe Kinango, ya rangi ya machungwa, na alinikataza kuikalia njia nzima.

Jua lilikuwa halijazama mama mdogo alipovuka kizingiti. Vigelegele vikapigwa. Alisimama uani akipepesa macho kwa mwanga, akawashika mkono waliokuja. Kisha akauliza, "Na mkwe wetu yuko wapi?"

"Kwenye tope na gari lake," nikasema.

"Twendeni."

Tulimkuta Baba Riziki akiwa na tope hadi masikioni na furaha isiyo kifani. Alikuwa ametumia kila kitu. Vibao vilikuwa chini ya magurudumu, pembetatu nyekundu zimewekwa njiani ambako hapakuwa na gari jingine hata moja, kamba imefungwa mbele kwa pingu ya chuma. Watu wa Bodo walikuwa wameshajipanga kuishika. Alikuwa anawaeleza kwa nini inanyumbuka.

Mama mdogo alimpita, akaenda mbele kabisa ya mstari, akakunja mikono ya nguo yake mpya, hina bado mbichi vidoleni, akaishika kamba.

"Shangazi, utachafuka," mtu mmoja akamwambia.

"Nimekaa ndani mpaka mikono imelala," akasema. "Nipisheni nivute."

Mama alibaki penye majani, ameegemea sepetu lake, akahesabu yeye. Mara ya tatu gari likatoka kwa kishindo, na nusu ya wavutaji wakakaa chini matakoni. Mama mdogo alikuwa mmoja wao. Aliinuka akicheka, leso ya machungwa imejaa tope hadi kiunoni, na Mama, aliyetukataza hata kuikalia, alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Sasa umetoka," akasema.